Dau Dogo: Kutoka Viwanja vya Gofu hadi Mikeka ya Mwananyamala

Katika Mwananyamala, kama ilivyo katika vitongoji vingine vingi vya Kinondoni na Temeke jijini Dar es Salaam, fedha ambayo mtu huiweka juu ya mchezo unaochezwa na watu wengine ni ndogo, shilingi 500 au 1,000, mara chache 5,000, na udogo huo una historia yake ambayo haiwezi kuelezwa kwa kutazama umaskini peke yake. Dau, yaani fedha inayowekwa kwa masharti kwamba itaongezeka iwapo matokeo yaliyotabiriwa yatatokea na kupotea yasipotokea, liliwahi kuwa burudani halali ya wachache waliokaa ndani ya uzio wa klabu zao, wakati huohuo likiwa kosa la jinai kwa wengi waliokaa chini ya mwembe. Leo hii dau hilohilo ni bidhaa inayouzwa kwa kila mwenye simu na kutozwa kodi na Serikali. Makala hii inafuatilia safari hiyo, na inaanzia kwenye gofu, mchezo ambao kwa mtazamo wa haraka uko mbali kabisa na Mwananyamala, kwa sababu ndani ya gofu ndimo inamoonekana vizuri tofauti ambayo sheria za kikoloni ziliiweka kati ya mchezaji kamari na muungwana anayejifurahisha.

Msamiati wenyewe unaonyesha kwamba jambo hili halikuja na Wazungu. Neno kamari limetoka katika Kiarabu, na Uislamu, ambao umekuwa dini ya wengi katika pwani hii kwa karne nyingi, unaikataza kamari kwa uwazi, ukiitaja pamoja na ulevi katika Sura ya Al-Maida. Katazo hilo lisingekuwa na maana mahali ambapo hakuna anayecheza. Bahati nasibu ni jozi ya maneno mawili yanayokaribiana kwa maana, la kwanza likiwa na asili ya Kiajemi na la pili la Kiarabu, na jozi hiyo baadaye ilichukuliwa na Serikali kuwa jina rasmi la mchezo wa tiketi. Patapotea, ambalo ni jina la michezo ya karata na vikombe inayochezeshwa sokoni na kwenye maonyesho, limeundwa kwa vitenzi viwili vya Kiswahili vinavyoeleza mambo mawili yanayoweza kumpata mtu na fedha yake. Hata majina ya fedha yenyewe yana kumbukumbu ya udogo: pesa ilitoka kwenye sarafu ndogo ya Kihindi iliyotumika pamoja na rupia, na hela ilitoka kwenye heller ya Wajerumani, ambayo kuanzia mwaka 1904 ilikuwa sehemu ya mia moja ya rupia. Kwa hiyo wakazi wa pwani walichukua majina ya vipande vya chini kabisa vya fedha za wageni na kuyafanya majina ya fedha yote, jambo linaloonyesha ni sarafu zipi hasa zilizokuwa zikipita mikononi mwao.

Gofu, kwa upande wake, iliandamana na dau tangu ilipoanza kuwa na kanuni za maandishi. Wachezaji wa Leith, karibu na Edinburgh huko Uskoti, ndio walioandika mwaka 1744 kanuni 13 zinazojulikana kuwa za kwanza za mchezo huo, na chama chao kiliweka pia kumbukumbu za madau waliyowekeana wanachama, mengi yakiwa ya chupa za mvinyo. Mchezo wenyewe ulifaa sana kwa jambo hilo. Katika gofu kila mchezaji hupambana na uwanja, akihesabu mikwaju aliyotumia kuingiza mpira katika mashimo 18, na kwa hiyo watu wawili wenye uwezo tofauti wanaweza kushindanishwa kwa haki endapo aliye dhaifu atapunguziwa idadi fulani ya mikwaju. Punguzo hilo huitwa handikapu, na ingawa leo linatazamwa kama kipimo cha kiwango cha mchezaji, kazi yake ni ileile inayofanywa na odi katika kubeti, yaani kulinganisha wasiolingana ili matokeo yawe na shaka ya kutosha kuvutia dau. Odi, kwa wasioijua, ni namba ambayo dau huzidishwa nayo mtu akishinda: dau la shilingi 1,000 kwa odi ya 4 hurudisha shilingi 4,000, ikiwemo 1,000 iliyowekwa.

Kutoka Uskoti mchezo ulifuata himaya. Klabu ya gofu ya Calcutta nchini India, iliyoanzishwa mwaka 1829, ndiyo kongwe kuliko zote nje ya Visiwa vya Uingereza, na mji huo ndio uliotoa jina kwa aina ya kubahatisha ambayo wachezaji gofu wa dunia nzima waliijua baadaye, ambapo kabla ya mashindano kila mchezaji hupigwa mnada, anayetoa fedha nyingi zaidi humpata kama mali yake kwa siku hiyo, na fedha zote za mnada hugawiwa waliowanunua washindi. Neno gymkhana lilizaliwa hukohuko India, likiwa na maana ya mahali pa michezo. Maofisa wa Kiingereza walilibeba hadi Afrika Mashariki pamoja na rupia, sheria za adhabu za India na desturi ya kujitenga katika klabu, na ndiyo maana Dar es Salaam, Arusha na Morogoro, miji iliyo mbali sana na India, kila mmoja ulipata klabu yake ya Gymkhana.

Waingereza waliutwaa mji wa Dar es Salaam kutoka kwa Wajerumani mwezi Septemba mwaka 1916, na chini ya utawala wao mji uliendelea kugawanywa katika sehemu tatu ambazo wenyeji waliziita Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Viwanja vya Gymkhana, vilivyoko hadi leo kandokando ya Barabara ya Ghana, vilitandazwa katika eneo la wazi kati ya mji wa biashara na upande wa bahari, ambako pia palikuwa na bustani ya mimea, nyumba za maofisa na hospitali ya Wazungu. Mwafrika aliingia humo kama mfanyakazi: mpishi, mtunza nyasi, au kedi, yaani mbeba mfuko wa fimbo anayetembea na mchezaji kutoka shimo la kwanza hadi la mwisho. Kazi ya kedi ilimfanya aujue mchezo kuliko wanachama wengi, kwa kuwa yeye ndiye aliyetakiwa kukumbuka mpira ulikoangukia, kukadiria umbali, kutambua upepo wa bahari unavyobadilika mchana na kumkabidhi bwana wake fimbo inayofaa. Alishuhudia pia madau yakiwekwa na kulipwa, na katika nchi nyingi za Afrika Mashariki wachezaji wa kulipwa wa kizazi cha kwanza miongoni mwa Waafrika walitoka katika kundi hilohilo la makedi.

Nje ya uzio hali ilikuwa tofauti, na tofauti hiyo iliandikwa. Kanuni ya Adhabu ya Tanganyika ya mwaka 1930, iliyochukua nafasi ya ile ya India, iliharamisha kuendesha nyumba ya kamari na kuueleza mchezo haramu kuwa ni mchezo wowote wa karata usiotegemea ustadi, pamoja na mchezo wowote ambao nafasi za kushinda hazilingani kwa wachezaji wote, akiwemo mwenye benki, yaani yule anayeshika fedha na kuwalipa washindi. Maelezo hayo yana busara ndani yake, kwani yanatambua kwamba hatari ya kamari imo katika kukosekana kwa usawa kati ya mchezaji na mwendeshaji. Kifungu kingine, hata hivyo, kiliwaweka wanaocheza mchezo wa kubahatisha kwa fedha katika mahali pa wazi ndani ya kundi moja na ombaomba na makahaba, wote wakihesabiwa kuwa watu wazembe wanaostahili adhabu. Maneno muhimu hapo ni mahali pa wazi. Mwanachama wa klabu aliyeweka dau la pauni 5 juu ya shimo la mwisho alikuwa ndani ya klabu, faraghani, ilhali mchukuzi wa bandarini aliyeweka senti 10 juu ya karata alikuwa barazani au chini ya mti, kwa kuwa hakuwa na mahali pengine pa kukaa na wenzake. Sheria haikuhitaji kutaja rangi ya mtu yeyote ili impate Mwafrika. Katika miaka ya 1940, serikali ya kikoloni ilipozidi kuwahofia vijana wasio na ajira waliokuja mjini kutoka bara, ambao iliwaita wahuni, kukutwa ukicheza kamari kulitosha kumtia mtu katika orodha ya wanaostahili kurudishwa kijijini. Huu ulikuwa uonevu, na haufai kupunguzwa makali kwa kusema kwamba ndivyo nyakati zilivyokuwa, kwa sababu watawala waliotunga sheria hiyo walikuwa wakiuona mchezo huohuo ukichezwa kwenye meza zao kila Jumamosi.

Mwananyamala ya wakati huo ilikuwa sehemu ya mashamba ya minazi na mihogo ya Wazaramo na wahamiaji, ng'ambo ya mipaka ya mji. Jina lake wenyeji hulihusisha na maneno ya Kizaramo ya kumbembeleza mtoto anyamaze. Kadiri Magomeni na Kinondoni zilivyojengwa na kujaa katika miaka ya 1950 na 1960, mashamba hayo yaligeuka viwanja na viwanja vikageuka nyumba za Kiswahili, zile zenye ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, na baraza mbele. Baraza hiyo ndiyo iliyozaa kijiwe, mahali pa kukutana wanaume baada ya kazi, na kijiwe ndicho kilichokuwa klabu ya mtaa usio na klabu.

Dau la kijiweni lilikuwa na umbo lake. Katika mchezo wa drafti, unaochezwa kwenye ubao wa mbao uliochorwa miraba kwa rangi mbili, kete zikiwa ni vizibo vya chupa, vya upande mmoja vikiwa vimelala na vya mwingine vikiwa vimepinduliwa ili vitofautike, anayefungwa humpisha anayesubiri na mara nyingi hulipia kahawa. Muuza kahawa hupita na birika lake la shaba lililokalia jiko dogo la mkaa, akigonganisha vikombe ili asikike, na kashata zake ziko katika ndoo ya pembeni. Hesabu yake ya jioni hutegemea kwa kiasi fulani idadi ya watu waliofungwa. Bao lilikuwa hivyohivyo, na karata za wahedi na za arubastini pia, na baadaye meza ya puli katika baa, ambapo aliyeshindwa hununua mchezo unaofuata. Katika michezo yote hii dau lilibaki ndani ya mtaa. Aliyepoteza leo alishinda kesho dhidi ya mtu yuleyule, fedha ilizunguka baina ya majirani wanaojuana, na hapakuwa na mwenye benki wa kudumu anayechukua sehemu yake katika kila mzunguko. Wachezeshaji wa patapotea ndio waliokuwa tofauti, na waliogopwa, kwa kuwa walihama kutoka soko hadi soko na kila mtu alijua kwamba karata zao zilikuwa na mkono uliofichwa.

Uhuru haukuyabadilisha mambo haya kwa namna ambayo mtu angeitarajia. Mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha lililotangaza vita dhidi ya unyonyaji na mapato yasiyotokana na jasho, Bunge lilipitisha sheria iliyohusu bahati nasibu na michezo ya kutabiri matokeo ya mechi kwa kujaza fomu, ile ambayo nchini Uingereza ilikuwa imeenea tangu miaka ya 1920 na kujulikana kwa jina la puli za kandanda. Mwaka 1974 ikafuata sheria ya Bahati Nasibu ya Taifa, na Serikali yenyewe ikawa mwenye benki. Hakuna haja ya kuona unafiki mahali hapa: nchi changa isiyo na fedha ilikuwa ikitafuta njia ya kupata mapato bila kuongeza kodi, na mataifa mengi, ya kijamaa na ya kibepari, yalifanya vivyo hivyo. Lakini ni kweli pia kwamba Kanuni ya Adhabu ya wakoloni iliendelea kutumika, na kwamba mwaka 1983, wakati wa operesheni za Nguvu Kazi, vijana wasio na kitambulisho cha kazi walikusanywa mitaani na kupelekwa vijijini kwa hoja zinazofanana sana na zile za miaka ya 1940. Kijana wa Mwananyamala aliyenunua tiketi ya Bahati Nasibu ya Taifa alikuwa mchangiaji wa maendeleo, na akikaa barazani na karata mkononi alikuwa mzururaji.

Kilichokuja kuubadilisha kabisa mchezo wa dau ni picha. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, miaka ipatayo 20 baada ya Zanzibar, na vituo vya kwanza vilipoanza kurusha matangazo, mechi za Uingereza, ambazo hapo kabla zilifuatiliwa redioni na magazetini, ziliingia uswahilini zikiwa hai. Wachache ndio waliokuwa na runinga, wachache zaidi dishi la satelaiti, na hivyo kikazaliwa kibanda umiza: chumba cha mabanzi na mabati, mabenchi yaliyobanana, feni moja isiyofika nyuma, na kiingilio ambacho hata mtoto wa shule angeweza kukipata. Mapenzi ya kandanda hayakuanza hapo. Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na mahasimu wao, Simba, mwaka 1936, na Simba ilijiita Sunderland hadi mwaka 1971, jina linaloonyesha jinsi ligi ya Uingereza ilivyofahamika Dar es Salaam mapema. Kibanda umiza kilichofanya ni kuwafundisha maelfu ya watu majina, sura na hali za wachezaji wa timu ambazo viwanja vyake hawatavikanyaga, ujuzi ambao baadaye uliwafanya waamini kwamba wanaweza kutabiri.

Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 ilizifuta zile za 1967 na 1974 na kuunda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania, yenye mamlaka ya kutoa leseni kwa kasino, mashine za sarafu, bahati nasibu na kile ambacho lugha rasmi inakiita michezo ya kubashiri matokeo, huku walio chini ya umri wa miaka 18 wakikatazwa kushiriki. Mashine za sarafu, ambazo mtaani zimepewa jina la dubwi, zilifika hadi kwenye baa za vichochoroni, na ofisi za kubeti zikafunguliwa kando ya barabara kuu, zikiwa na skrini ukutani na karani nyuma ya nondo. Hata hivyo, ofisi ina saa zake za kufunga na inamtaka mtu atoke nyumbani na kuonekana anaingia, na katika mtaa wenye misikiti na makanisa kuonekana kulikuwa na uzito. Uzito huo uliondolewa na simu. Vodacom ilianzisha M-Pesa nchini mwaka 2008, kampuni nyingine zikafuata, na mara fedha ilipoweza kutumwa bila kushikwa, dau la shilingi 500 likawa na faida kwa mwendeshaji, kwa maana hapakuwa tena na karani wa kulipwa kwa kulipokea wala noti ya kuhesabiwa. Hapa ndipo udogo wa dau ulipogeuka kutoka desturi ya kijiwe na kuwa msingi wa biashara.

Mwaka 2017 mabadiliko haya yalionekana kwa kila mtu. SportPesa, kampuni iliyoanza Kenya mwaka 2014, iliingia Tanzania na kudhamini Simba na Yanga kwa pamoja, na mwezi Julai ikaileta timu ya Everton ya Uingereza, ikiwa na Wayne Rooney aliyekuwa amerejea tu klabuni hapo, kucheza na Gor Mahia ya Kenya katika Uwanja wa Taifa, Temeke. Mwaka huohuo bahati nasibu za simu kama Biko na Tatu Mzuka, hii ya pili ikimtaka mtu achague tarakimu tatu tu kwa kima cha chini cha shilingi 500, zilitangazwa usiku na mchana, na ukusanyaji wa kodi ya michezo ya kubahatisha ukahamishiwa Mamlaka ya Mapato. Miaka mitano baadaye kampuni ya kubeti ya M-Bet iliingia mkataba na Simba wenye thamani ya zaidi ya shilingi bilioni 26 kwa miaka 5. Mwaka 2021 kodi inayokatwa kwenye ushindi wa kubashiri matokeo ilishushwa kutoka asilimia 20 hadi 15, huku ile inayotozwa kwenye mapato ya kampuni ikipandishwa na sehemu yake kuelekezwa katika Mfuko wa Maendeleo ya Michezo. Dola iliyowahi kumkamata mtu kwa karata ya senti 10 sasa ilikuwa na hisa katika kila mkeka uliochanika.

Mkeka ni neno la kutazamwa kwa utulivu. Katika Mwananyamala na kote nchini ndilo jina la orodha ya mechi ambazo mtu amezifunga pamoja katika dau moja, kwa sharti kwamba zote ziende alivyotabiri. Wengine huita jamvi. Jina limetokana na urefu wa karatasi iliyotoka ofisini, iliyokunjuka kama mkeka, na magazeti yamelichukua pia kuita orodha ndefu ya uteuzi wa viongozi. Lakini yeyote aliyeona mwanamke wa Kizaramo akisuka ukindu atakubali kwamba jina linafaa kwa sababu nyingine, kwa kuwa chane moja ikikatika shona nzima hufumuka. Ndiyo maana mtu aliyepoteza husema mkeka umechanika, na mara nyingi huongeza jina la timu moja iliyouchana. Anayelipa au kula fedha hizo, awe ni nani kwa uhalisi, mtaani huitwa Mhindi: Mhindi kaliwa, Mhindi kala. Katika jina hilo mnasikika mwangwi wa Dar es Salaam ya zamani, ambamo mwenye duka la rejareja na mwenye duka la poni, aliyepokea khanga au baiskeli kama rehani, alikuwa mtu wa Uhindini. Jina hilo haliwatendei haki majirani wenye asili ya India ambao hawana uhusiano wowote na biashara hii, ingawa mwanahistoria atalihifadhi kama ushahidi wa jinsi mtaa unavyompa mwenye benki asiyeonekana sura ya mwenye benki wa zamani aliyeonekana.

Hesabu ya mkeka inastahili kuelezwa kinaganaga, kwa sababu ndiyo inayotenganisha dau la kijiwe na dau la simu. Tuseme mtu amechagua timu 10, na kila moja ina nafasi 60 kati ya 100 ya kushinda. Odi ya haki kwa kila timu ingekuwa 1.67, lakini mwendeshaji, ambaye lazima apate faida, hutoa pungufu kidogo, tuseme 1.59. Kwa mechi moja pungufu hilo halionekani. Odi 10 zikizidishwa zenyewe kwa zenyewe hufikia takriban 103, na dau la shilingi 1,000 huahidi zaidi ya shilingi 100,000, fedha inayoweza kulipa kodi ya chumba au kununua magunia ya mkaa ya kuanzia biashara. Nafasi ya timu zote 10 kushinda, hata hivyo, ni takriban 6 kati ya 1,000. Basi mikeka 1,000 ya namna hiyo ikiwekwa katika mitaa ya Mwananyamala, Tandale na Kijitonyama, shilingi milioni 1 huondoka mifukoni, mikeka 6 tu hupona, na shilingi zipatazo 620,000 hurudi kabla ya kodi. Punguzo la mechi moja lilikuwa chini ya asilimia 5. La mkeka limekuwa karibu asilimia 40. Mfungwa wa drafti aliyelipia kahawa hakuwahi kukatwa kiasi hicho na mtu yeyote, na ile busara iliyokuwamo katika sheria ya mwaka 1930, ya kutazama kama nafasi za mwenye benki na za mchezaji zinalingana, haina nafasi katika leseni za leo.

Hapa gofu inarudi, kwa njia ambayo haikutarajiwa. Msimu wa ligi kubwa za Ulaya humalizika mwezi Mei na kuanza tena Agosti, na katika miezi hiyo ya ukame orodha za kubashiri hujazwa kwa tenisi, kriketi, na gofu ya kulipwa, ambayo mawili kati ya mashindano yake makubwa, ya wazi ya Marekani na ya wazi ya Uingereza, huangukia Juni na Julai. Hayo ya Uingereza ndiyo kongwe kuliko yote, yaliyochezwa mara ya kwanza Prestwick mwaka 1860 na watu 8. Siku hizi huanza na wachezaji 156, ambao baada ya siku mbili huchujwa, na waliobaki humalizia siku mbili nyingine. Kwa kuwa washindani ni wengi namna hiyo, hata mchezaji anayejulikana anaweza kupewa odi ya 30 au 40, na asiyejulikana odi ya 150 au zaidi, kiasi kwamba dau dogo juu ya jina moja linafanana na mkeka mzima wa mechi. Kufanana huko si kwa nje tu. Ukijumlisha nafasi zilizofichwa ndani ya odi za wachezaji wote wa mashindano ya gofu, utakuta kwamba sehemu anayobaki nayo mwendeshaji ni kubwa mara kadhaa kuliko katika mechi moja ya kandanda. Waingereza, ambao kwao maduka ya kubeti yalihalalishwa na sheria ya mwaka 1960, walizoea kuupunguza ukali huo kwa dau la pande mbili, yaani nusu kwa ubingwa na nusu kwa kumaliza miongoni mwa watano au wanane wa kwanza kwa malipo madogo zaidi, na wachezaji wakifungana katika nafasi ya mwisho inayolipwa malipo hugawanywa. Vijana wa kijiweni ambao wameijua kandanda tangu kibanda umiza huingia katika gofu wakiwa na majina mawili au matatu, la Tiger Woods likiwa la kwanza, na kwa hiyo wanaweka dau mahali ambapo ujuzi wao ni mdogo na makato ni makubwa.

Afrika Mashariki ina gofu yake ya kulipwa. Mashindano ya Wazi ya Kenya yalianza mwaka 1967, Seve Ballesteros wa Hispania aliyatwaa mwaka 1978 kabla hajawa bingwa wa Uingereza, na tangu mwaka 2019 yamo katika ratiba kuu ya Ulaya, hivyo jina la Nairobi huonekana katika orodha za kubashiri karibu kila mwaka. Na ndani ya Wilaya ya Kinondoni kwenyewe, mwendo mfupi wa daladala kutoka Hospitali ya Mwananyamala, kuna uwanja wa gofu wa Lugalo, mali ya Jeshi la Wananchi, uliopewa jina la mahali ambapo Wahehe wa Mkwawa walilishinda jeshi la Wajerumani mwezi Agosti mwaka 1891. Hapo huchezwa Kombe la Mkuu wa Majeshi, na hapo wapo makedi waliogeuka wachezaji, wengine wakiwa wamekulia katika mitaa ya jirani. Matokeo yao hutundikwa kwenye ubao wa klabu na kupata aya chache magazetini, lakini kwa kawaida hayamo katika simu. Mwezi Aprili, mashindano makubwa ya gofu ya Augusta, Marekani, yanapoingia siku ya mwisho, mpira wa mwisho huingia shimoni takriban saa 8 za usiku kwa saa za Dar es Salaam, baraza za Mwananyamala zikiwa zimefungwa na muuza kahawa ameshazima jiko lake. Anayefuatilia yuko peke yake kitandani, mwanga wa skrini ukiwa umefunikwa kwa shuka ili usiwaamshe wengine chumbani, akisubiri mikwaju ya mtu ambaye jina lake amelijua Alhamisi.